Aliyepanda ukuta wa mita 900 bila kamba: tunamsifia ujasiri, tunasahau daftari (uzi mrefu kidogo)

kulabu_mbili (mleta uzi)

Wakuu salaam.

Ile klipu ya mzungu anayening'inia kwenye ukuta wa jiwe imeanza kuzunguka tena kwenye magrupu. Chini miti mikubwa ya msonobari inaonekana kama tuta la mchicha. Hana kamba, hana mkanda, kiunoni kafunga kifuko cha chaki tu. Na maoni ni yaleyale: "kachoka maisha huyo", "wazungu wameshiba", "moyo wa chuma", "haogopi kitu". Kijiweni kwetu tumebishana mpaka kahawa ikapoa. Mimi riziki yangu ni kupanda minara ya simu, urefu naufahamu kidogo, na naona wanaomtukana na wanaomsifia wote wanakosea palepale.

Kwa asiyemjua: anaitwa Alex Honnold, Mmarekani, mzaliwa wa Sacramento, California, 1985. Mwamba ni El Capitan, uko Yosemite, jimbo hilohilo. Kutoka chini hadi juu ni kama mita 900, maana yake Burj Khalifa ya Dubai, yenye mita 828, ungeisimamisha pembeni yake isifike. Njia aliyopita inaitwa Freerider, ilipandwa kwanza mwaka 1998 na Mjerumani Alexander Huber na kaka yake Thomas. Wapandaji wazuri wenye kamba huchukua siku kadhaa, wanalala hukohuko ukutani. Honnold tarehe 3 Juni 2017 aliondoka chini saa 11 na dakika 32 alfajiri, saa 3 na dakika 28 asubuhi yuko juu. Yaani katumia saa tatu na dakika 56 tu.

Hiyo ndiyo sehemu mnayoiona kwenye klipu. Sehemu isiyo kwenye klipu ni kwamba wazo la kuupanda ule ukuta bila kamba alikuwa nalo tangu 2009 hivi. Kila mwaka anafika Yosemite, anautazama, anaona hapana, unatisha, anakwenda kupanda vitu vingine. Mtu "asiyeogopa" kaogopa ukuta mmoja karibu miaka minane. Hapo ndipo nataka tuanzie.

Naendelea jioni, bosi anaita.

kokoto

Siti ya mbele. Ila mkuu ukija na habari za motivesheni spika nakuripoti.

mama_wawili

Nimeiona hiyo klipu nikaizima katikati, tumbo lilinikata. Endelea, nitasoma bila kuangalia picha.

kulabu_mbili

Nimerudi.

Ili kuelewa 2017 inabidi urudi 2008, maana mwaka huo alifanya mambo mawili makubwa kwa njia mbili tofauti kabisa.

La kwanza ni Moonlight Buttress, ukuta wa kama mita 365 uliopo Zion, jimbo la Utah. Kabla ya siku yenyewe alishinda pale akijifunza njia kwa kamba iliyofungwa juu, anarudia na kurudia mpaka hatua zote zikakaa kichwani. Mvua ikanyesha, hakuna kupanda. Akakaa kwenye gari lake akiwaza njia nzima, mkono kwa mkono, mguu kwa mguu, pamoja na mawazo mabaya: ikiteleza hapa inakuwaje, nikianguka pale inakuwaje. Aliyamaliza yote akiwa amekaa kwenye kiti. Jiwe lilipokauka akapanda kwa dakika 83. Ilikuwa tarehe 1 Aprili, kwa hiyo wenzake walipopata habari walidhani ni utani wa Siku ya Wajinga.

La pili, Septemba mwaka huohuo, Half Dome, ukuta mwingine wa Yosemite, kama mita 600. Hapa akabadilisha mtindo. Alishaupanda kwa kamba na mwenzake siku chache nyuma, akaona inatosha, mengine atayamaliza hukohuko. Akapotea njia kidogo katikati. Halafu karibu kabisa na kilele akafika kwenye jiwe laini, hamna pa kushika, inabidi uiamini soli ya kiatu kwenye kitu ambacho jicho halioni kama ni cha kukanyaga. Akaganda. Huko juu watalii wanapiga picha, anawasikia wanacheka, na yeye yuko chini yao kidogo tu hawezi kwenda mbele wala kurudi. Mwishowe akahamisha uzito kwenye ule mguu, ukashika, akatoka. Juu hakuna aliyemjali. Akavua viatu kwa kuwa vinabana, akateremka peku kwa njia ya watembea kwa miguu, na watu wakamshangaa kwa sababu hana viatu.

Dunia ilimpigia makofi. Yeye mwenyewe baadaye amelisema hadharani zaidi ya mara moja: Half Dome hakuridhika nayo, aliona kaponea chupuchupu. Hakutaka tena kuwa mtu wa bahati.

Sasa njoo El Capitan na muone tofauti. Kwenye kona moja kulikuwa na mawe yaliyolegea, yamekaa vibaya, ukiyashika yanakuja nawe. Alikwenda kwa kamba na begi tupu, akayatoa, akayajaza kwenye begi, akashuka nayo. Siku nzima ya kubeba mawe. Hiyo hamuioni kwenye klipu.

Sehemu ngumu kuliko zote inaitwa Boulder Problem, iko kama mita 600 juu ya ardhi. Vishikio vyake ni vijichongo ambavyo kidole kizima hakiingii. Kuna kimoja anakibana kwa dole gumba, anabadilisha gumba la mkono mmoja kwa jingine bila kupoteza nafasi, halafu mguu wa kushoto unarushwa kama teke la karate kwenda kugusa ukuta wa upande wa pili wa kona. Kulikuwa na uchaguzi mwingine: kuruka na kudaka kishikio kwa mikono miwili. Wengi wenye kamba wanaruka. Yeye aliikataa, kwa sababu ukiruka kuna nukta ya muda ambapo hushiki kitu chochote. Teke ni gumu ila mwili unabaki umegusa jiwe. Basi mwaka mzima kila usiku akawa ananyoosha misuli ya mguu ili siku hiyo teke lisiwe la kujilazimisha. Mwaka mzima, wakuu, kwa ajili ya hatua moja.

Na kila anachopanda anaandika kwenye daftari: njia gani, muda gani, kipi kilikwenda vibaya. Ameanza hiyo tabia tangu kijana. Ndio maana kichwa cha habari nikaweka daftari.

kokoto

Sawa, nimesoma yote na nakubali si chizi. Ila hii hoja ina tundu. Wote tunaowajua ni waliofika juu. Aliyejiandaa vilevile akadondoka hana klipu, hana mahojiano, ana mazishi. Mnasema "maandalizi" kwa sababu kapona. Angedondoka mngesema kiburi.

Halafu mbona inasemekana walimpima ubongo wakakuta sehemu ya woga imekufa? Kama kazaliwa hivyo, daftari lina kazi gani hapo?

nesi_wa_zamu

Hapo kwenye ubongo nisaidie, maana watu wanaisimulia vibaya.

Ni kweli aliingizwa kwenye mashine ya MRI, habari ilitoka 2016. Mtafiti ni Jane Joseph, kazi ilifanyika Charleston, South Carolina. Walimwonyesha picha za kutisha na kukirihisha, zile ambazo mtu wa kawaida ubongo wake ungeruka. Wanaangalia amigdala, kisehemu kidogo ndani ya ubongo kinachopokea taarifa za hatari mapema. Kwa mpandaji mwenzake wa umri unaokaribiana iliwaka. Kwa Honnold haikuonyesha kitu. Lakini kisehemu kiko pale na kizima, hakijafa.

Sasa tatizo. Kwanza ni mtu mmoja, na ni picha, si ukuta. Pili, walimpima akiwa mtu mzima aliyekwisha kutumia miaka mingi akijiweka kwenye mazingira ya kutisha kidogokidogo. Huwezi kujua kama kazaliwa na amigdala tulivu ndiyo akapanda, au kapanda sana ndiyo ikatulia. Pengine yote mawili. Kuna wanasayansi waliotoa wazo kwamba hiyo tabia yake ya kuandika na kulirudia tukio kichwani inaweza kuwa inalipunguzia tukio sumu yake, maana kumbukumbu kila ukiitoa unairudisha ikiwa imebadilika kidogo. Mimi hilo nalielewa kwa wagonjwa: mtu anayeogopa sindano ukimwelezea kila hatua kabla hujamgusa, mapigo yanashuka. Ukimwambia "usiogope" tu, yanapanda.

Nyongeza: huyohuyo amesema alikuwa anaogopa sana kuzungumza mbele ya watu. Na chanzo cha kupanda peke yake ujanani ni haya, alishindwa kuwaendea watu asiowajua awaombe wapande pamoja. Mtu asiyeogopa kabisa hawezi kuwa na historia hiyo.

kulabu_mbili

Nesi, umenitoa kimasomaso. Kokoto, hoja yako ya kwanza naichukua, na nitakupa silaha zaidi. John Bachar alikuwa mfalme wa mchezo huu kabla ya Honnold kuzaliwa. Mwaka 1981 aliweka dau la dola 10,000 kwa yeyote atakayeweza kumfuata siku moja nzima akipanda bila kamba. Hakutokea mtu. Tarehe 5 Julai 2009 akadondoka kwenye ukuta wa karibu na nyumbani kwake California, ukuta alioupanda miaka nenda miaka rudi. Nyuma zaidi kuna Paul Preuss wa Austria, aliyeikataa kamba kwa msimamo kabisa, akafa 1913 akiwa peke yake. Kwa hiyo sisemi maandalizi yanakulinda. Jiwe likivunjika limevunjika.

Ninachosema ni kidogo kuliko hicho. Maandalizi yanabadilisha unachokiogopa. Mtu asiyejiandaa anaogopa kitu kizima kwa mpigo: urefu, kifo, upepo, aibu, vyote fungu moja, na fungu huwezi kulifanyia kazi. Aliyejiandaa hofu yake ina anwani. Naogopa hapa, kishikio cha tatu, kwa sababu mguu wa kulia haujatulia. Hicho unaweza kukirudia kwa kamba mpaka kiishe, au kikagoma kuisha, na kikigoma ndio jibu lako.

Mfano wake hai ni Novemba 2016. Watu wengi hawajui kwamba alishaanza kupanda mara moja kabla ya ile ya 2017. Septemba alikuwa ameanguka akiwa na kamba sehemu ya chini iitwayo Freeblast, akateguka kifundo cha mguu. Freeblast ni jiwe laini lililoinama, unasimama kwa msuguano wa soli tu, kama kule kulikomgandisha Half Dome. Msimu ulikuwa unaisha, timu ya kamera ipo, marafiki wapo, rekodi inamngoja. Akaanza usiku na taa kichwani. Kufika Freeblast mguu hauna hisia vizuri, haamini soli yake. Akaacha. Akashuka, akasubiri mpaka Juni.

Kwangu hiyo asubuhi ya Novemba ndiyo inanishangaza kuliko ile ya Juni.

Kazini kwetu mkanda una kulabu mbili. Moja haiachii chuma mpaka nyingine iwe imefunga, na unasikia mlio wake, "klak", ndipo mkono unakwenda. Sheria ya siku ya kwanza. Sasa angalia anayeanza kazi: wiki za mwanzo mlio anausikiliza. Baada ya muda hausikilizi, mkono unaenda tu. Mafundi wengi wanaita hiyo kuzoea, wanajisifu hawaogopi. Mimi huyo ndiye namwogopa kupanda naye. Kuzoea na kujiandaa vinafanana ukiangalia kwa mbali, vyote vinaondoa woga, ila kuzoea kunauondoa kwa kufumba macho.

mama_wawili

Hiyo ya kuzoea naomba niiazime, nina dereva wa bodaboda nyumbani.

Swali langu ni jingine. Ana mke? Ana watoto? Maandalizi gani yanamwandaa mtoto?

kulabu_mbili

Mama, wakati wa El Capitan alikuwa na mpenzi, sasa ni mke wake na wana watoto wawili wa kike. Siku ya tukio Honnold hakutaka mpenzi wake awepo kule, kwa hiyo mwanamke aliondoka bondeni kabla. Hata wapiga picha walikuwa marafiki zake, na mmoja wao kule chini kageuza mgongo kwenye kamera, hakuweza kutazama. Kwa hiyo swali lako nalo wenyewe walikuwa nalo. Mimi sina jibu lake na sidhani daftari linalo.

kokoto

Mimi jibu ninalo: ni ubinafsi. Umejiandaa wewe, wanaobaki hawajajiandaa. Nimemaliza.

mlima_mkavu

Salamu kutoka Nanyuki. Nimekuwa nikisoma kimya, nadhani naweza kuongeza kidogo, kazi yangu ni kuwaongoza wageni Mlima Kenya, upande wa vilele vya mwamba.

Watu wakisikia Mlima Kenya wanafikiria Lenana, kule unatembea. Batian, mita 5,199, na Nelion pembeni yake, hapo ni mikono na kamba. Batian ilifikiwa 1899 na Mackinder na waongozaji wake wawili kutoka Alps, Nelion ikasubiri hadi 1929. Ni mwamba mzuri lakini una tabia zake. Asubuhi unakuta barafu nyembamba sana juu ya jiwe, haionekani, jiwe linaonekana limelowa tu. Jana ulipanda hapohapo ukiimba. Kwa hiyo ninapomsikia mtu akisema "hii njia naijua" mimi huuliza unaijua ya saa ngapi.

Hilo ndilo linalonifanya nione Yosemite ni kesi ya pekee. Kule granaiti ni ngumu, hali ya hewa ya Juni inatabirika, ukuta uko karibu na barabara, unaweza kurudi hatua moja mara mia ukitaka. Honnold alichagua mahali ambapo maandalizi yanaweza kufika mbali sana. Hata akaenda saa ambayo jua halijapasha jiwe, kwa sababu kwenye joto soli na ngozi vyote vinateleza. Ukipeleka daftari lilelile kwenye mlima wenye theluji na mawe yanayodondoka yenyewe, linafanya kazi nusu. Hansjörg Auer wa Austria alipanda ukuta mkubwa wa Marmolada kule Italia bila kamba mwaka 2007, watu wakashika vichwa. Hakufa kwa hilo. Alikufa 2019 Kanada kwa maporomoko ya theluji, na alikuwa na wenzake.

Kuhusu hofu yenyewe, wageni wangu wengi wanakuja wakiwa wamejiandaa mapafu na miguu, hawajajiandaa kurudi. Ukiwauliza "tutageukia wapi mvua ikija?" wanakuangalia kama umewatukania safari. Yule anayejua mapema mahali pa kugeukia huwa mtulivu zaidi kwenye ncha, nimeliona mara nyingi. Nadhani ni kwa sababu hayupo kwenye mtego, ana mlango nyuma.

nesi_wa_zamu

Mlima mkavu, hilo la mlango nyuma mbona Honnold halimhusu? Mita 600 juu bila kamba mlango uko wapi?

mlima_mkavu

Dada, upo ila ni mwembamba. Sehemu nyingi za njia ile ana uwezo wa kushuka alikopandia, kushuka kwa mikono ni ujuzi na anaufanyia mazoezi. Zipo pia sehemu ambapo wapandaji wenye kamba wanapita au wamelala, unaweza kuomba msaada. Ukishalianza teke la Boulder Problem ndipo hakuna mlango. Ndiyo sababu alitaka teke hilo liwe kitu alichokwisha kukifanya kwa kamba mpaka kimemchosha. Kama kuna hatua mia mbili zenye mlango na chache zisizo nao, unajua jasho lako ulimwage wapi.

kulabu_mbili

Hapo umenielimisha. Mimi nilikuwa nafikiri amegawa mazoezi sawa njia nzima.

Na kuna kitu nilisahau. Baada ya kufika juu siku ile, hajapiga kelele wala kuanguka chini analia. Alikuwa na ratiba ya mazoezi ya vidole, yale ya kuning'inia kwenye ubao, na akasema bado anayo ya kufanya siku hiyohiyo. Wanaosema "hana hisia" wanatumia hilo. Mimi naliona kama fundi aliyeshuka mnarani saa nne asubuhi: siku bado ni ya kazi.

kokoto

Fundi wangu akishuka saa nne anakwenda kunywa chai hadi saa nane. Anyway mkuu uzi mzuri, ubinafsi bado nausimamia. Swali la kweli sasa: mtu wa huku akitaka kujaribu kupanda mwamba, NA KAMBA, aanzie wapi? Nauliza kwa niaba ya rafiki.

mlima_mkavu

Mwambie rafiki aje Hell's Gate, Naivasha. Kuna nguzo ya mwamba inaitwa Fischer's Tower, haizidi sana mita 25, waongozaji wako palepale na vifaa vyao. Au Lukenya, karibu na Athi River, hapo wapandaji wa Nairobi wamejifunzia miaka mingi. Kucha akate. Viatu vya kupandia vibane hadi vidole vikunjike kidogo, vikiwa na nafasi havishiki jiwe. Na kabla hajagusa ukuta amwombe anayemshikia kamba amwonyeshe fundo alilofunga, kisha alivute mwenyewe kwa mkono wake.

mama_wawili

Rafiki wa kokoto akienda atuletee picha. Za chini, tafadhali.